Baiskeli ya Mtani

Jumamosi, 5 Julai

Lupaso na kurudi. Upepo wa mbele kwenda, upepo wa mbele kurudi. Sijui unafanyaje. Chai na mihogo ya kuchemsha kwenye kibanda cha njia panda, kama kila Jumamosi. Watoto wametuita wazungu weusi kwa ajili ya kofia zetu ngumu na usukani uliopinda kama pembe za beberu. Hashimu kawajibu kwamba mzungu ni mmoja tu, mwingine ni mpagazi wake. Mpagazi ni mimi.

Mwaka wa kumi na moja huu tunaendesha pamoja, tangu tuliponunua hizi baiskeli za mtumba. Mimi mwalimu mstaafu, yeye fundi cherehani. Wake zetu walidhani tutachoka baada ya mwezi.

Leo Hashimu kaingia kwenye lile shimo la karavati ya pili. Shimo tunalolijua kama tunavyojua majina ya watoto wetu. Rimu imepinda kidogo. Kasema salfa imemwingia machoni. Kweli wanapulizia mikorosho, njia nzima inanuka. Nikamwambia salfa gani inayoingia machoni mwake tu, mimi ikaniacha. Akasema hata salfa huchagua watu wazuri. Tumecheka mpaka mama wa mihogo akatuuliza tumekunywa nini.

Kalamu hii wino wake hafifu. Ninunue nyingine.

Jumanne, 8 Julai

Sokoni. Nimepishana na Hashimu kwenye mafungu ya dagaa, bega kwa bega. Hakunisalimu. Nikadhani ni utani wake, ananifanya simjui. Nikasubiri ageuke acheke. Hakugeuka.

Nikamwita. Akashtuka, kisha akasema alikuwa na mawazo.

Jumamosi, 12 Julai

Njia ya Chidya. Vilima vitatu, cha mwisho kikali. Nilipanda bila kushuka. Nimejisifu mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Hashimu siku hizi anakaa nyuma yangu. Zamani alikuwa hawezi kuona mgongo wa mtu mbele yake, lazima aupite. Leo safari nzima gurudumu lake lilikuwa karibu kugusa langu. Nilipomwambia cheni yangu inapiga kelele, nitaitia mafuta jioni, akasema niiache. Akasema anaipenda inavyolia.

Nimeifikiria kauli hiyo njia nzima ya kurudi. Hakuna mtu anayependa cheni inayolia. Anaifuata.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Zamu yangu ya somo la kwanza. Taa za mimbari ni hafifu, nimemwambia mzee wa kanisa wazibadilishe. Nilikwama mara mbili.

Baada ya ibada nimepita kwa Hashimu. Hayupo. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa amekaa na sindano za mkono, anatunga nyuzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye kitambaa, ili mumewe azitumie kesho bila kuita mtu. Hakunificha. Kaniambia, shemeji, yapata mwaka sasa. Chai anaimimina nje ya kikombe. Mboni ya kulia ina utando mweupe, kama maji ya mchele. Ni mtoto wa jicho, kila mtu analijua jambo hilo, na kila mtu kakatazwa kulitaja ndani ya nyumba ile.

Wataalamu wa macho wanakuja hospitalini mwisho wa mwezi. Hataki kusikia. Mjomba wake alitiwa dawa ya majani na mganga, akapofuka siku ya tatu. Tangu hapo Hashimu anaamini jicho likiguswa limekwenda.

Naogopa. Si kwa ajili ya cherehani. Tarehe tisa mwezi ujao, baada ya Nane Nane, ndiyo safari yetu ya mwaka ya kupanda Newala. Kupanda si tatizo, mtu akipanda anakwenda polepole hata akitaka haraka. Tatizo ni kushuka. Ule mteremko una kona, una malori, una mbuzi, na upande mmoja hauna kitu.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwambia. Dukani kwake, mchana. Niliandaa maneno tangu asubuhi.

"Hashimu, huoni."

"Na wewe husikii. Tukiunganishwa tunapata mtu mmoja mzima."

Wateja wawili wakaangua kicheko. Nikasema sitanii. Akasema hata mwaka ule nilipomwambia mkwe wake amefika stendi na mizigo nilisema sitanii, akaenda kusubiri mpaka jua likazama. Wateja wakacheka zaidi. Mimi mwenyewe nikacheka, Mungu anisamehe.

Hii ndiyo taabu. Ukoo wangu na ukoo wake ni watani tangu mababu. Wanazikana, wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Miaka yote hii sijawahi kumwambia neno moja la kweli ila kwa mzaha. Sasa nina neno la kweli na sina mdomo wa kulisemea.

Jumamosi, 19 Julai

Sitaki kuiandika siku hii lakini nitaiandika.

Tulikuwa tunateremka kutoka Chidya. Mimi mbele, yeye nyuma. Kwenye kona akinamama wanne na mizigo ya kuni, mmoja kabeba mtoto mgongoni. Nikapiga kengele, wakasogea, nikapita. Upepo ulikuwa mkali, nadhani hakuisikia cheni. Nikasikia kelele. Nilipogeuka, Hashimu alikuwa ndani ya shamba la mikorosho, baiskeli juu yake. Mwenye mtoto alikuwa amekaa chini barabarani, kuni zimetawanyika. Hakuumia. Mtoto hakuumia. Aliwakosa kwa upana wa kiganja.

Hashimu kachubuka mkono na goti. Kaomba radhi vizuri sana, kaokota kuni zote kwa kupapasa. Nimemwona akipapasa. Yule mama naye kamwona, akaniangalia mimi, si yeye. Akasema, baba, huyu mwenzako unampeleka wapi.

Nikamtwisha kuni zake. Tulipopanda tena akasema salfa mwaka huu imezidi. Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia Hashimu. Nilikuwa sijui kwamba inawezekana.

Jumapili, 20 Julai

Bado anasema Newala tarehe tisa. Kamwagiza dada yake, Bi Somoe, atuwekee maji ya kuoga. Bi Somoe kajibu kwamba mgeni mwenye akili huoga Masasi kabla ya kupanda.

Chakula hakipiti. Mke wangu, Mama Neema, kaniuliza mara tatu nina nini. Kasema pia herufi zangu humu zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza. Nimemwambia ni kalamu, na asisome daftari la mtu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimechukua baiskeli ya Hashimu.

Nilikwenda akiwa msikitini, adhuhuri. Mama Zuhura kanifungulia mlango wa uani mwenyewe, kisha akaingia jikoni ili asiwe shahidi. Nimeikokota mjini kote mchana kweupe. Watu wanauliza, nawajibu nimeichukua kwa mtani wangu. Basi. Hakuna aliyeuliza la pili. Kila mtu hapa anajua: mtani akichukua kitu chako huendi polisi, hununi, hutumi wazee. Unakwenda kukikomboa kwa anachotaka yeye.

Hashimu mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Siku tulipomzika baba yangu alivaa kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akatembea kwa kuchechemea vilevile katikati ya waombolezaji akiwauliza mbona wanamlia wali wake. Mama yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka na machozi yanamtoka. Kisha Hashimu akaondoka na kofia. Niliikomboa kwa jogoo.

Kaja saa kumi. Kwa miguu, taratibu, akihesabu milango. Nimemwona tangu mbali. Alikuwa anatabasamu. Kaniuliza nataka jogoo au kanzu. Nikasema nataka karatasi ya daktari wa macho.

Tabasamu likaondoka.

"Utani una mipaka, Baba Neema."

"Wewe ulivaa kofia ya baba yangu hajamaliza hata siku moja kaburini. Uliiona wapi mipaka?"

Ameondoka bila kunywa chai. Nimemsindikiza kwa macho mpaka kona. Alikuwa amekasirika, na haruhusiwi, na kwa hiyo hakuwa na pa kuiweka hasira yake. Mimi pia.

Alhamisi, 24 Julai

Kimya.

Jumamosi, 26 Julai

Sikuendesha. Nilitoa baiskeli yangu mpaka barabarani nikairudisha. Hizi mbili zimeegemeana stoo. Ya kwake nimeinyoosha rimu, nimebadilisha raba za breki. Kazi ya mikono inasaidia.

Jumanne, 29 Julai

Mtu kaniambia Hashimu kasema sitaingia kwenye msiba wake. Kwa mtani hilo ni tusi lisilo na jingine juu yake. Kasema kwa kutania au kweli? Mletaji hakujua. Mimi ndiye niliyepaswa kujua, na sikujua.

Labda nimepoteza rafiki kwa ajili ya macho yake. Ningefanya tena. Lakini nimekosa raha kabisa.

Ijumaa, 1 Agosti

Mama Zuhura kapita asubuhi, hakukaa. Wamekwenda juzi. Jana wamelitengeneza jicho la kulia. Hashimu hakumwambia mtu, hata yeye mkewe kamwambia wanakwenda kununua vitambaa. Njia nzima alimshika mkono. Kwenye benchi la kusubiri alisoma dua zote anazozijua, zilipokwisha akaanza upya.

Nilisema vizuri, shemeji, asante. Nikaenda stoo nikalia.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda. Bandeji imetolewa, jicho jekundu, anatiwa dawa ya matone. Kakaa kitandani kama sultani. Kaniangalia kwa muda, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Baba Neema. Nani kakuzeesha hivi?"

Nikasema ni yeye.

Kanipa karatasi. Nimeisoma kwa mbali, mwandiko wa madaktari una yake. Nikasema baiskeli nitaileta jioni. Kasema nikae nayo, daktari kamkataza kupanda mpaka wiki sita zipite. Kisha akasema mkewe ana mvi nyingi na hakuna aliyemwambia. Mama Zuhura alikuwa mlangoni. Kasema mvi hizo kaletewa na mumewe, kila moja anaijua siku yake.

Hatukutaja msiba. Hatukutaja hasira. Tumekula machungwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Ingekuwa leo. Badala yake nimetia mafuta cheni.

Jumamosi, 13 Septemba

Newala.

Tumetoka alfajiri. Mabibo ya kwanza yameanza kuanguka, harufu tamu njia nzima. Hashimu mbele tangu karavati ya pili, ambayo kaizunguka bila hata kuiangalia, kwa madaha. Kwenye mpando nimeuona mgongo wake ukiwa mdogo, mdogo, kisha ukaisha. Nilimkuta juu amekaa kwenye jiwe, ameshamaliza muhogo wake na kipande cha wangu.

Nilishuka mara mbili kukokota. Naandika ukweli.

Jioni tumekwenda ukingoni kutazama bonde la Ruvuma. Hewa baridi. Hashimu hakunyamaza. Ule mchanga katikati ya mto. Ule moshi ng'ambo, Msumbiji. Yale mapaa ya bati, matatu. Alikuwa anayahesabu kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Kaniuliza wale mbuzi pale chini njiani ni wangapi, yeye anaona sita. Nikasema watano. Akasema labda.

Kisha akawa kimya. Nikadhani kachoka.

Bi Somoe katuwekea ndoo moja kwa watu wawili. Hashimu kaoga kwanza. Mimi nimeoga kilichobaki.

Jumapili, 14 Septemba

Kushuka. Jua zuri. Hashimu kataka nikae nyuma yake, karibu, na nisimpite kwa lolote. Kila penye shimo alinyoosha mkono kuonyesha upande. Nikamwambia sihitaji. Akaendelea kunyoosha mkono mpaka Masasi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda stoo kupangusa vumbi la safari. Baiskeli haipo. Mlango wazi, kufuli limetundikwa vizuri kwenye msumari. Mwizi hatundiki kufuli. Mama Neema alikuwa anachambua mchicha na hakuinua kichwa. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa pili.

Hashimu nimemkuta kwenye cherehani, anatunga uzi mwenyewe. Baiskeli yangu imeegemezwa ukutani nyuma yake. Nikamwuliza anataka nini, jogoo au nini. Hakuinuka.

"Pale chini hapakuwa na mbuzi, Baba Neema. Hata mmoja."

Kasema wataalamu wanarudi mwisho wa mwezi. Anataka karatasi. Kasema tutakwenda wote wawili, benchi analijua, na dua anazo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilijaribu kukasirika. Siruhusiwi.

Nimefungua kurasa za mwezi wa saba na za leo, nikaziweka pamoja. Kalamu haina kosa.