Majani Yaliyokaushwa Siku ya Mvua

Arusha

Mdogo wangu Somoe,

Assalaam aleykum. Mimi mzima, kifua tu kinabana kwa baridi ya huku. Nyie je? Mguu wa mama uliovimba vipi? Na mikono yako, imeanza kukunja ngumi? Usinijibu kwa simu. Simu yako haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na mama hakai mbali nawe. Ndiyo maana nimeandika, nikampa jirani anayeshuka Nachingwea. Atakupa mkononi.

Ndani ya kifurushi kuna makopo mawili ya dawa. Kabla hujayatupa chooni, soma.

Nimepata kazi kwenye karakana ya sabuni na mafuta ya kupaka. Nilianza kwa kuosha masufuria, sasa mimi ndiye ninayepima. Hakuna aliyenishika mkono. Ila kila nikiyeyusha nta nakuona umetumbukiza mikono kwenye beseni, hulii, ngozi inaelea juu ya maji kama utando wa maziwa.

Hesabu ya dawa ile ya mikono niliyopika na mama hainiachi. Makopo kumi na moja. Manane walipaka wabanguaji wenzako wa hapo Chunyu, utomvu wa korosho ulikuwa umewala vidole, wakapoa. Matatu ya mwisho yakachoma watu watatu, na wewe kuliko wote. Mti ule ule, ufuta ule ule, nta ile ile. Watu walipouliza, mama alinitazama mbele yao akasema, "Huyu alikwenda kufuata dawa huku anasalimia watu njiani."

Akaishia hapo, na ikatosha. Najua, kwetu anayefuata dawa hafungui kinywa mpaka arudi. Na kweli nilimsalimia mjomba. Lakini majani nilifuata mara mbili; nilimsalimia siku ya kwanza, na majani ya siku ya kwanza ndiyo yaliyowaponya wale wanane. Hilo hakuna aliyetaka kulihesabu. Nikapanda basi nikiwa mtu aliyemuunguza mdogo wake.

Nilikuja na mabaki ya majani, mifuko miwili, wa kwanza na wa mwisho. Mama mwenye karakana aliunusa ule wa mwisho. "Haya yamekaa moshini," akasema. "Tena si moshi wa kuni." Nikatengeneza dawa mbili. Ya kwanza nikapaka mkono wa kushoto, ya mwisho wa kulia. Siku ya pili wa kulia ukavimba, malengelenge saba. Nikarudia mara tatu. Alama ninazo.

Ni moshi wa maganda ya korosho, Somoe. Utomvu unaokula vidole vyenu hupanda nao. Unakumbuka mvua iliponikamata Nachingwea nilikofuata makopo, bodaboda akakataa tope, nikalala kwa shangazi? Majani ya mara ya pili niliyaacha uani, mabichi. Niliporudi yalikuwa uchagani juu ya jiko, makavu, na mama anatabasamu. "Nimekukaushia, mwanangu." Kuni zote zilikuwa zimelowa. Gunia la maganda lilikuwa tupu. Nililiona, nikashukuru.

Neno hilo linanifuata mpaka kazini. Nimekukaushia.

Miezi yote hii nilitafuta ushahidi kwamba si mimi. Nimeupata, na siwezi kuutumia. Hasira ipo, sikufichi, mama angeniuliza faragha, si mbele ya watu. Wewe nimekwambia kwa sababu mikono ni yako. Lakini mama akijua ni moto wake, hatagusa tena chungu cha dawa, wala mikono yako hataitazama. Mwambie nimekiri. Nilimsalimia mjomba njiani.

Majani ya dawa hii amenitumia mjomba huyo huyo wa Mbwemkuru. Anasema safari hii hata mbuzi hakumsemesha. Nimeyakausha kivulini siku tisa. Paka kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko, ngoja siku mbili. Ikiwasha, osha, uende hospitali Ruangwa. Isipowasha, uamuzi ni wako. Ukiyaacha makopo yalivyo, sitakulaumu.

Nisalimie shangazi wa Nachingwea aliyenilaza siku ile, na shemeji, mumeo, aliyekulisha kwa mkono wake mwezi mzima. Mama mwambie aukande mguu, asiuonee aibu.

Barua hii ukimaliza itie moto jikoni. Kwa kuni, Somoe.

Dada yako,
Mwajuma