Wa Kulala Shimoni

Akureyri, 18 Januari

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima, koo tu linawasha. Wewe na kondoo mnaendeleaje? Goti je?

Juzi nchi nzima iliwasha mishumaa kuwakumbuka watu wa kijiji chetu waliofunikwa na maporomoko ya theluji. Mimi sikuwasha. Nimewasha kila mwaka tangu mdogo wangu Kári afe, na mshumaa haujamchimbua mtu. Nimejiunga na kikosi cha uokoaji cha kujitolea, upande wa mbwa. Kazi yangu ni kulala kwenye shimo la theluji, mlango uzibwe, mbwa wanitafute. Bila mtu hai wa kumtafuta hawajifunzi. Siku ile mbwa walikuwa wawili tu, nawe wajua walifika lini.

Naomba baraka yako. Bila hiyo nitalala vibaya.

Mwanao,
Svala

Kaldavík, 27 Januari

Svala,

Sijambo, goti ni lile lile. Kondoo wanakusalimu kuliko unavyostahili.

Theluji ilimla mdogo wako, sasa wewe unajipakua mwenyewe sahanini? Baraka sina. Nina samaki mkavu, nimekutumia. Siagi tafuta huko. Habari za mashimo usiniandikie tena.

Mama yako

Akureyri, 15 Machi

Mama,

Hujambo? Samaki waliisha zamani. Nilitafuna huku nimekasirika.

Ulinikataza, lakini sina mwingine wa kumwambia. Nimeshindwa. Nilipozibiwa nilipiga mayowe kabla hata mbwa hawajafunguliwa. Ormur, mwenye mbwa Týra, alinitoa akasema, "Dada, ukijitangaza hivyo mbwa afanye kazi gani? Anywe kahawa?" Wenzetu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kulia garini. Sikuthubutu kufumbua macho mle. Nililiwaza giza aliloliona Kári.

Mtihani wa Týra ni wiki ya Pasaka, na mafua yamewalaza watu wetu wote wa kulala shimoni. Asipofaulu, msimu ujao hatuna mbwa aliyehitimu. Sikuombi kitu. Nakwambia tu.

Svala

Kaldavík, 12 Aprili

Svala mwanangu,

Nimefika nyumbani salama, basi lilikwama mlimani, tukalisukuma. Huko kwako nililia tu, kwa hiyo haya sikuyasema.

Barua yako niliisomea zizini, nikampigia simu huyo Ormur. Akauliza, "Mama, una umri gani?" Nikamjibu, "Wa kutosha kulala. Anayefanya mtihani ni mbwa wako, si mimi." Nikamkataza asikuambie.

Waliponiziba nilifumba macho kama wewe. Miaka yote hii nimeliogopa giza lile. Halafu nikafumbua. Svala, hapakuwa na giza. Mwanga ulikuwa unapenya thelujini, buluu tupu, na kimya. Najua Kári alikuwa chini zaidi, sijidanganyi. Lakini sasa nikimwaza, nina kitu kingine cha kumwashia.

Kisha zikaja kucha za Týra, pua, ulimi, na nyuma yake wewe na koleo, umeachama. "Mama! Unafanya nini humo?" Nilitaka kusema, "Nakungoja," ila mdomo ulijaa manyoya ya mbwa.

Baraka uliyoiomba, chukua. Wakikuziba, fumbua macho.

Mama yako

Akureyri, 3 Mei

Mama,

Salamu kwako na kwa wanakondoo. Týra amepewa fulana yake ya kazi, anaitafuna.

Jumamosi nililala tena, juu mlimani ambako theluji bado ipo. Ormur anasema nilinyamaza mpaka akaogopa. Nilikuwa natazama.

Mwanao,
Svala