Moto Niliousikia Kwenye Kanda

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku Welisi, Uingereza, nyingi kuliko mawe ya njia ya kwetu Mbooni, na wewe unayajua mawe hayo maana yamekula viatu vyako vyote. Mimi ni mzima. Mgongo unaniuma kidogo kwa kuinua wagonjwa wazito, lakini nakula, nalala, na Jumapili naenda kanisa dogo ambalo watu wake hawajazi hata viti vya mbele, na wote wanaimba kwa lugha nisiyoijua. Bwana ananisikia hata hivyo. Je, wewe u mzima? Kikohozi kimeisha? Hilo swali la pili usijibu bado. Nitalirudia mwenyewe huko mbele.

Mutua kaka yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke mahali. Nakujua wewe, unasoma ukurasa mzima moyoni halafu unamwambia, "Nduku anasema ni mzima." Leo soma yote, hata pale utakapoona aibu.

Kanda yenu imefika. Ililetwa na yule dada wa Machakos ninayesomea uuguzi naye, aliporudi kutoka likizo. Nimeisikiliza mpaka utepe unalia kama paka. Nimesikia jogoo, nimesikia ng'ombe, nimesikia Mutua akisafisha koo kama mwenyekiti wa harambee kabla ya kutoa habari za akina Musyoki.

Habari yenyewe nimeielewa. Wazee wa Musyoki, mchumba wangu, wamekuja kutoka Mwingi, wamekunywa chai, wameuliza kwa heshima: msichana anarudi lini? Ng'ombe watatu wa mahari walishawaleta, na Musyoki amechoka kungoja, anataka mtu wa kusimama dukani. Kwa hiyo niache masomo nirudi sasa, ama ng'ombe warudi Mwingi pamoja na ndama aliyezaliwa kwetu. Hiyo ni desturi, wala siwalaumu. Halafu, Mwaitu, nikasikia sauti yako: "Nduku, amua na moyo wako. Usituangalie sisi. Gesi inawaka vizuri, sina shida yoyote."

Ai, Mwaitu! Hujawahi kunipa kazi ngumu kama hiyo. Si wote tunajua hiyo gesi inatoka wapi? Ng'ombe wetu wenyewe walikwisha wote ile njaa ya Nikwa Ngwete, wakati watu walishika pesa mkononi na chakula cha kununua hakuna. Mavi yanayoingia kwenye lile tanki nyuma ya jikoni ni ya ng'ombe wa Musyoki. Wakienda, moto unaenda nao.

Na huo moto ni mimi niliyeuleta. Niliwaambia habari za watu wa Jumamosi, lakini sikuwaeleza vizuri. Hawa ni watu wanaokutana kwenye banda la mama mmoja mjane anayeitwa Nesta, mfugaji, ambaye nilimuuguza dada yake. Si mainjinia. Hakuna anayewalipa. Wanapenda tu. Wanajadili upepo, mafuta ya mimea, gesi ya mavi, na jinsi ya kuishi bila kumaliza dunia. Mara ya kwanza nilishangaa sana. Wana stima ukutani, na wamekaa kwenye baridi wakibishana namna ya kuishi bila stima! Sisi tumeishi bila stima miaka yote na hatujawahi kuitisha mkutano.

Yuko mzee Emrys, aliyekuwa akipeleka barua. Yeye ni upepo tu. Ukimsalimia, anakujibu na upepo. Alitengeneza kinu cha mbao na dinamo ya lori, kikawasha taa mbili za banda, halafu usiku wa dhoruba bawa moja likaruka mpaka shamba la jirani na kondoo wakatawanyika kama wameona chui. Jirani hamsalimii mpaka leo. Yuko pia Gwyn, mwalimu, anayetia mafuta ya kukaangia viazi kwenye gari lake la dizeli. Akipita, mtaa mzima unanukia mandazi, mtu anasikia njaa ovyo. Nilipomwambia kwetu mbarika unaota wenyewe nyuma ya vyoo, na nyanya yetu alikuwa akitoa mafuta yake kulainisha ngozi, alitaka kukata tikiti ya ndege siku hiyo hiyo.

Lakini Nesta ndiye aliyenichorea tanki. Mutua, wewe fundi wa mawe, ulichimba, ukajenga, ukalitafuta pipa la chuma mpaka Machakos. Na Mwaitu, unakumbuka? Ulikataa kunywa chai ya kwanza. Ulisema, "Chai ya mavi apewe mchungaji kwanza." Mchungaji akanywa vikombe viwili, akaomba cha tatu, ndipo ukakubali. Baadaye ukaniambia kwenye kanda kwamba umeanza kuona uzi wa sindano tena, macho hayatoi machozi. Siku hiyo nilizunguka wodini nikicheka peke yangu. Wagonjwa walifikiri nimechumbiwa upya.

Sasa sikia nilivyoamua baada ya kanda yenu.

Mimi simtaki Musyoki. Mutua, rudia hapo: simtaki. Si mtu mbaya. Hanywi, hapigi kelele, na alipokuja kwetu alimwamkia hata mbwa. Nilikubali kwa sababu kila mtu alifurahi, nami nikafurahia furaha yenu. Lakini nikimfikiria nikiwa naye dukani mpaka uzee, sioni siku hata moja ninayoingoja. Na uuguzi huu naupenda. Hilo sikulijua mpaka nilipokuja huku.

Hata hivyo nilipima. Upande mmoja nikajiweka mimi, upande mwingine macho ya Mama. Nikajiambia, Nduku, hakuna aliyekufa kwa kuuza sukari Mwingi. Nikaenda kwa metroni, mkuu wetu wa wauguzi, nikamwambia naondoka mwisho wa mwezi huu, narudi kuolewa. Akauliza kama nina furaha. Nikamwambia kwetu tuna ng'ombe. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Jumamosi nikaenda kuwaaga wale watu. Niliwaeleza yote, maana siku hizi tumezoeana. Basi, wakaanza kutafuta dawa kama kawaida yao. Emrys akasema, "Upepo!" Nikamwambia upepo wa kwetu unakuja Agosti, unang'oa mabati ya kanisa, halafu haupo, na tena upepo haujai kwenye sufuria. Akanuna. Gwyn akauliza, kwani ni lazima tanki lilishwe mavi ya ng'ombe? Choo kiunganishwe nalo, watu wote wa boma wachangie, hata wageni.

Mutua, ni hapa niliposema utaona aibu. Soma tu.

Mwaitu, nilicheka mpaka wakaogopa. Nikawaambia kwetu mwanamume na mama mkwe wake hata mkono hawapeani. Akimwona kwa mbali anaacha njia apite vichakani. Sasa huyo mama mkwe apike isyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemka saa nyingi, kwa moto uliotoka kwa mkwewe? Si ukoo wote utahama! Gwyn alikuwa mwekundu kama nyanya. Emrys alicheka mpaka akasahau kununa.

Tulipotulia, Nesta akaniomba kitu kidogo. Alitaka kusikia kanda. Maneno yetu haelewi, lakini alitaka kusikia moto wa tanki alilolichora, unavyowaka jikoni kwa mama mwingine mbali huko. Nikaiweka kwenye redio yake. Wote wakaiinamia, wakimsikiliza Mutua akisafisha koo.

Ulipoanza kusema wewe, Nesta akainua kidole. "Mama yako anapika kwa kuni," akasema.

Nikamwambia hapana, hapo anasema gesi inawaka vizuri.

"Sijui anasema nini," akajibu. "Lakini gesi hailii ta, ta, ta."

Akarudisha utepe nyuma. Na mimi nikasikia. Kuni zinapasuka. Halafu ukapuliza, fuu, fuu, vile unavyopuliza ukiinama na kushika goti. Halafu ukageuka kando na kukohoa ndani ya leso, ukidhani redio haisikii. Nimeisikiliza hiyo kanda asubuhi na jioni, Mwaitu, na sikuwahi kusikia hayo, kwa sababu nilikuwa nasikiliza maneno.

Nesta akauliza kama tanki limeharibika, maana ng'ombe amewasikia. Nikamwambia haiwezekani. Tanki hilo likipata hata ufa mdogo, Mutua angetangaza kanisani. Ng'ombe wapo, mavi yapo, tanki ni zima, na mama anapuliza kuni. Nikakaa kitako hapo kwenye majani makavu, nikafikiri.

Ndipo nikakumbuka kuku wa jirani yetu Mama Kalekye. Nilikuwa mdogo. Yule kuku aliacha kwao akawa anatagia chini ya kitanda chetu, na mimi nikaona Mungu ametukumbuka. Lakini kila yai ulilichukua likiwa bado na joto, ukanituma nalo kwa mwenyewe. Nililia. Ukaniambia, "Kitu cha mtu ni cha mtu, hata kikija kulala kwako." Wakati huo tulikuwa tunakula mboga bila kitu.

Hapo nikajua. Siku wale wazee walipouliza kama ni msichana ama ni ng'ombe, uliacha kulisha tanki. Hukutaka kupikia gesi ya ng'ombe ambao pengine si wako tena. Tena nakujua, uliwaza mbele zaidi: ukishazoea kuni, Nduku hatakuwa na kitu cha kumrudisha kwa nguvu. Basi ukarudi kwenye mawe matatu, ukameza moshi, ukakohoa kwenye leso, ukaniambia gesi inawaka. Na Mutua ukakaa hapo pembeni, ukanyamaza. Nitakushika sikio nikija.

Mwaitu, wewe ni mwongo. Sijawahi kukuita hivyo maishani, na naandika huku nalia, lakini ni mwongo, na sijui nimefanya nini ili nipewe mama kama wewe.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ng'ombe warudi Mwingi, wote watatu, na ndama wao. Mutua, wapeleke wewe mwenyewe, wakiwa wameshiba, usimtume mtu. Kama wazee watasema kuna mbuzi wa kukataa mchumba, mbuzi huyo atolewe bila ubishi. Musyoki mpe mkono. Mwambie Nduku amesema asante na pole, na ni kweli nimesema, na atafute mwenzake anayependa duka. Metroni nimemrudia, nikamwambia sitaondoka. Kumbe hata hakuwa ameandika popote. Alisema alikuwa anangoja nimweleze habari ya wale ng'ombe.

Habari ya tanki, usilifukie. Nesta anasema mavi ya mbuzi pia yanafaa, lakini ni makavu, lazima yalowekwe usiku na kupondwa kabla ya kutiwa. Nilimuuliza kama mbuzi wako wachache wataweza. Alifikiri sana, ni mtu asiyependa kudanganya, akasema wataweza chai, isyo hawataweza. Basi isyo ipikwe kwa kuni kama zamani, na mlango wa jiko uwe wazi, na wajukuu wapulize badala yako. Lakini chai ya asubuhi iwe ya gesi. Mbuzi ni wako, uliwalea mwenyewe, na hakuna mzee atakayekuja kuwaulizia. Nikimaliza mtihani na kuanza kazi, ng'ombe wa kwanza atakuwa wako hivyo hivyo.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Mutua, na umwambie asikubali Mutua anyamaze tena mambo makubwa. Nisalimie mchungaji, shahidi wetu wa chai ya kwanza. Nisalimie mjomba kule Kalamba, kama mvua imempa chochote mwaka huu. Nisalimie Mama Kalekye jirani yetu, na kama bado anafuga kuku, nao wasalimie.

Nirekodieni kanda nyingine kabla ya mvua. Mwaitu, kaa karibu na moto wowote utakaokuwa nao siku hiyo, na kikohozi kikija usigeuke kando. Kohoa hapo hapo, nikusikie.

Mimi binti yako, ambaye haolewi Mwingi,
Nduku