Shemeji, Timu Haikuhama

Shemeji Otmar,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa salamu: hujambo, sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali. Huko uliko hakuna wa kukuulizia hali, kwa hiyo hayo nitayaruka. Tena nakujua, hata gazeti ulikuwa unaanza kulisoma nyuma, kwenye michezo. Basi habari yako ndiyo hii. Timu haikuhama. Chapakazi iko hapa hapa Songea, kwa jina lake lile lile, kwenye uwanja wetu ule ule wenye mteremko.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini kwanza. Ndugu yako kachungulia mlangoni akauliza mke wake analia nini. Nimemwambia silii, natua mzigo. Akaenda zake. Unamjua, mambo ya mpira na machozi anaona ni ya watu wengine.

Siku ile wodini siisahau, shemeji. Nilikuwa nimekuletea uji, redio yako ndogo iko juu ya mto, mtangazaji anasoma habari za mkoa. Akasema wanachama wa Chapakazi wameridhia kwa kauli moja timu yao ihamishiwe mkoa mwingine na ibadilishwe jina. Ulinigeukia ukaniuliza, "Shemeji, hata mzee Gama?" Mzee Gama, ambaye mlianzisha naye timu hii mkiwa maseremala pale Lizaboni, mkacheza peku na kufunga goli za miti mliyoichonga wenyewe. Nikakoroga uji tu. Mkutano ule sikwenda, nilikuwa kwako. Ukanyoosha mkono ukazima redio. Wewe, ambaye mama Sixta alikuwa anakusihi uzime redio tangu ulipomwoa! Hukuiwasha tena, na juma lile lile ukatuacha.

Kwamba ulikufa timu ikiwa mkiani, hilo halikuniuma sana. Mkiani tumepazoea, tuna viti vyetu. Kilichonichoma ni kwamba ulikufa ukiamini watu wako wenyewe wameitoa timu kwa kupiga makofi.

Msibani nilifanya kazi yangu ya mtani, kuchekesha wafiwa. Mimi Mbena, ninyi Wangoni watani zangu, na kuolewa kwenu hakujafuta hilo. Nilivaa kofia yako ya kijani, nikasimama karibu na jeneza, nikamkaripia refa kwa sauti yako ile ya kukwaruza: "Wewe refa, mama yako anajua kama uko huku?" Watu walicheka, padre akainamia kitabu chake akijifanya anatafuta ukurasa. Nikawaambia waliobeba jeneza wasipige pasi za nyuma, watatuchelewesha. Wakacheka tena. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa namtafuta mzee Gama kwenye umati, nimemkasirikia mpaka kichwa kinauma, naye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anatazama udongo.

Nikueleze sasa ilivyokuwa, maana wewe uliondoka katikati ya mchezo.

Tuseme kweli, mwekezaji alipokuja hakuna aliyemkataa. Alikuja na basi lenye viti laini, jezi mpya, na kocha mgeni aliyekuwa anaandika kwenye kishikwambi badala ya kupiga mluzi. Hata wewe ulimpungia mkono, nilikuona. Tukapanda daraja, tukaanza kusafiri mikoa ya watu. Halafu tukaanza kugundua kwamba timu inapangwa na mwekezaji kwa simu. Kocha amekaa kwenye benchi, simu inaita, anasikiliza, anainuka, anamtoa mtu anayecheza vizuri. Yule kocha kijana hakuwa mbaya, shemeji, ulimwonea. Alikuwa mpole, ana shikamoo kwa kila mtu. Ila alikuja na mpira wake wa kuanzia nyuma, kipa anampa beki, beki anamrudishia kipa, mpira upigwe chini. Wapi? Kwenye uwanja wetu, mwezi wa pili, mvua imenyesha usiku kucha!

Ile mechi ya dimbwi unaikumbuka. Kipa kamsogezea beki pasi nzuri ya kwenye televisheni, mpira ukafika kwenye dimbwi ukakaa. Ukakaa tu, unaelea. Mshambuliaji wao akauendea kama mtu anayechota maji, akafunga. Wewe ulikuwa umeng'ang'ania uzio, unapiga kelele, "Butua, mwanangu! Butua, tutaongea baadaye!" Sauti ilikukauka siku mbili, ukawa unaongea na mama Sixta kwa mikono.

Nawe usijifanye ulikuwa na dawa. Dawa yako ilikuwa moja tu, washambuliaji watatu mbele, jua liwake au mvua inyeshe, tuwe tunaongoza au tumefungwa. Tungekusikiliza tungeshuka daraja mapema zaidi.

Tulipoanza kufungwa mfululizo, mwekezaji akasema kosa ni la mji. Songea ni mbali, watu hawaji uwanjani, wafadhili hawaoni. Akaitisha mkutano ule ambao mimi na wewe hatukuwepo. Nimesimuliwa na watu wengi, wote wanasimulia namna moja. Alizungumza vizuri, kwa heshima, akaeleza jinsi timu itakavyonawiri huko anakoipeleka. Mwisho akauliza, "Sasa wazee wangu, mnasemaje?" Halafu mzee Gama akajibu kwa niaba ya wote, "Tumesikia." Na wengine wakaitikia, tumesikia, tumesikia. Mwekezaji akapiga makofi, akawashika mikono mmoja mmoja, akatoka pale moja kwa moja hadi redioni.

Umecheka? Najua umecheka. Mimi niliposimuliwa nilikaa chini kwenye ngazi za duka la watu.

Maana mimi yalinikuta. Nilipoletwa kwenu kutoka Njombe, bado bibi harusi mbichi, nilimwomba mama yenu ruhusa ya kwenda kumwona mama yangu. Alikuwa anapepeta mahindi. Akaniambia kwa upole, "Nimesikia, mwanangu." Nikafurahi, nikafunga begi, asubuhi nikakaa nalo barazani nasubiri kuagwa. Wewe ndiye uliyepita ukaliona begi, ukacheka mpaka ukashika nguzo. Ukaniambia hapa kwenu mtu akisema nimesikia, maana yake sauti imefika, jibu bado. Na mara nyingi jibu lenyewe ni hapana, ila mtu anaona haya kukutupia usoni. Nikafungua begi. Njombe nilikwenda baada ya mavuno.

Mwekezaji yeye hakuwa na shemeji wa kumwambia.

Wiki chache baada ya kukuzika, ukaitishwa mkutano mwingine, kwenye ukumbi wa parokia. Alikuja mtu wa chama cha mpira kushuhudia, na huyo habari za redio hakuzitaka, alitaka kuona mikono. Nje limeegeshwa basi, tayari limeandikwa jina jipya ubavuni, rangi inang'aa. Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa. Kadi yako ya uanachama niliibeba kwenye kanga, sijui kwa nini, marehemu hapigi kura.

Yule mtu wa chama akasema, wanaokubali timu ihame wanyooshe mikono. Shemeji, ukanyooshwa mkono wa katibu wa mwekezaji, na mkono wa dereva wa basi, ambaye si mwanachama, aliambiwa aushushe. Basi. Wengine wote mikono mapajani. Nilimtazama mzee Gama. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya fimbo yake, haikusogea hata kidogo. Hakuwa ameitoa timu, shemeji. Hakuna aliyeitoa.

Mwekezaji akasimama, jasho linamtoka. Akasema, "Lakini wazee, mlikubali! Mbele yangu, mlikubali!" Mzee Gama akainuka taratibu, akamwambia bila ukali, "Hatukukubali, mwanetu. Tulisema tumesikia." Na kabla hajakaa akaongeza, "Hata leo tumesikia." Ukumbi ulicheka, padre mwenyewe akacheka, safari hii bila kitabu cha kujifichia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia kwa sauti, mpaka mama mmoja akanipa leso yake akidhani nimempenda yule mwekezaji.

Nilimkuta nje amesimama karibu na basi lake, anatazama yale maandishi. Nilimhurumia, nakwambia kweli. Nikamwambia, "Kaka, pole. Hata mimi nilifunga begi." Hakunielewa. Akaniambia ninyi watu wa hapa mngesema tu. Labda kweli tungesema tu. Wewe ungeondoka na moyo mweupe kama mtu mmoja angesema hapana wazi siku ile ya kwanza, na hilo bado linanisumbua ninapokusalia. Nimemwambia mzee Gama pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia.

Basi limeondoka, na wachezaji walioletwa nalo wameondoka. Mwekezaji amekata tamaa nasi, timu ameirudisha mikononi mwa wanachama, naye amekwenda kununua timu nyingine ambayo wazee wake labda wanajibu haraka. Mwisho wa msimu tukashuka daraja, tukashuka tena kwa sababu hatukuweza kusafiri, sasa tuko ligi ya mkoa, kule kule mlikoanzia. Ungedhani watu wana huzuni. Shemeji, mji umelala usingizi. Hakuna anayesikiliza redio kwa hofu.

Kamati imechaguliwa, na inagombana. Walibishana mchana mzima kama kijani cha jezi kiwe cha majani ya mahindi au cha majani ya migomba, na mimi fundi mwenye cherehani nimekaa pale na kitambaa nilichokwisha kununua. Kocha ni mwalimu wa shule ya msingi, mgeni kutoka Tabora, anacheza na mshambuliaji mmoja tu. Mmoja! Watu kumi wanarudi nyuma, yule mmoja anabaki mbele peke yake kama mlinzi wa usiku. Ungekufa mara ya pili. Watu wanamsema kila kona ya Lizaboni, kwa kinyozi, kwenye kahawa, hata baada ya misa. Ndugu yako juzi kaniuliza mezani, hivi huyu kocha anaogopa nini? Ndugu yako! Nikamwongezea mboga.

Mama Sixta hajambo. Redio anaiwasha yeye sasa, kwa sauti ya juu, anadai betri zitaharibika zikikaa bure.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi iliyopita. Walikuja vijana wa Namasakata, kule Tunduru, wamesafiri na lori, vumbi mpaka kwenye kope, nikasema hawa watachoka. Hawakuchoka. Walitupiga mbili bila, moja ikitokea kwenye ule mteremko wa lango la chini, beki wetu ameteleza, mpira umejiendea wenyewe. Kungekuwa na dimbwi, mpira ungekwama. Siku hiyo uwanja ulikuwa mkavu.

Nikarudi kwa miguu katikati ya watu. Sasa nikwambie jambo ambalo sikuwahi kukwambia ukiwa hai. Katika ile misimu ya basi la viti laini, kuna neno lilibadilika midomoni mwetu na hakuna aliyelitangaza. Tulikuwa tukitoka uwanjani tunaulizana, wamefanyaje leo? Wamefungwa. Wametoka sare. Wao. Hata wewe ulianza kusema hivyo, na nilipokusikia mara ya kwanza nilijifanya sijakusikia. Jumamosi nilipofika kwenye kona ya kinyozi, mzee mmoja muuza kahawa akaniuliza matokeo, na kabla sijafungua kinywa, ndugu yako, ambaye kumbe alikuwa nyuma yangu muda wote na kofia yako kichwani, akajibu kwa hasira ya kweli kweli, "Tumefungwa."

Pumzika sasa, shemeji yangu. Nakuahidi sitaacha kwenda, tukishinda au tukichapwa, mvua inyeshe au jua liwake, na kila mwisho wa mwezi nitapita hapo kaburini nikusomee matokeo bila kupunguza hata goli moja. Jumamosi ijayo tunawafuata Tunduru. Hatutashinda. Lakini tunakwenda, sisi wenyewe.

Shemeji yako,
Hyasinta