Ulimwacha Jaka Kileleni

Murska Sobota, tarehe 3 Machi

Kwako Baba,

Salamu. Mama alitufundisha kwamba barua haianzi kwa shari hata kama mwandishi amejaa shari hadi kooni, basi nakuuliza hali kama alivyotaka yeye. U hali gani? Kifua kimetulia? Kuni zitakufikisha mwisho wa baridi? Huku kwetu Geza ni mzima, anapanda nguzo zake za umeme kama kawaida. Brina ni mzima, ameng'oka jino la mbele. Jaka mkono wake wa kushoto umo ndani ya plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, na ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia bado zina ganzi. Daktari anasema zitapona, maana nyama ya mtoto husamehe upesi. Yangu ina miaka arobaini na moja.

Naandika kwa sababu simu yangu umeikata mara nne. Tena shangazi Ivanka amenieleza unachowasimulia watu nje ya kanisa: kwamba Jaka, mtoto wangu mimi Polona, hasikii la mtu, kwamba alikutoroka mlimani, na kwamba mimi nilikuja kukutukana mlangoni kwako mbele ya majirani. Hilo la kukutukana ni kweli. Mengine nitakukumbusha yalivyokuwa, kwa sababu naona umeanza kuyaamini ya kwako.

Tulifika kwako Jumamosi, siku ya kwanza ya likizo ya watoto. Hukumpa Geza mkono. Ulizunguka gari, ukapapasa skii za watoto, zile mbao za kutelezea theluji, zilizofungwa juu ya paa, ukauliza kama zimepakwa nta au siagi ya mkate. Kisha ukamwambia mume wangu kwamba kwao tambarare kilele cha juu kabisa ni kiota cha korongo kwenye nguzo ya umeme. Geza akakujibu, "Ndiyo, baba mkwe, na anayepanda kukitazama ni mimi." Watoto walicheka sana. Wewe hukucheka. Nilijua pale pale kwamba wiki itakuwa ndefu.

Kabla ya chakula, watoto wakiwa nje wanarushiana theluji, nilikukalisha karibu na jiko la kuni nikakwambia neno moja tu. Jaka na Brina wasipande juu ya kituo cha kati cha lifti ya mlimani bila mimi au Geza. Ukasema umenisikia. Nikasema sitaki umenisikia, nataka umekubali. Ukapiga saluti na kijiko, ukasema, "Nimekubali, jenerali," na tukala supu ya maharage na kabichi chachu kwa amani.

Sitakunyima haki yako. Kila asubuhi ulipiga magoti kwenye theluji, na magoti yako nayajua yalivyo, ukamfunga Brina viatu vyake kifungo kwa kifungo. Kufikia Jumanne alikuwa anashuka mteremko wa watoto huku anaimba. Angekuwa mjukuu wako wa pekee, huenda leo ningekuwa nakuandikia barua ya shukrani.

Lakini yupo Jaka, mwenye miaka tisa, anayefikiri kabla ya kutenda, na wewe mtu wa namna hiyo hujawahi kumvumilia. Anashuka amebana ncha za skii na kutanua visigino, kipande cha pizza kama watoto wanavyokiita. Siku ya kwanza ulimwambia kwamba pizza huliwa mezani. Siku ya pili ukamwita bibi kizee anayeshuka ngazi na ndoo ya maziwa. Siku ya tatu, mezani, ukamwambia kwamba mama yake akiwa na umri huo alishuka mlima wa Rob toka kileleni macho yamefumbwa. Nilinyamaza kwa ajili ya supu. Sasa nakujibu. Sikuyafumba, Baba. Nilikuwa nalia, na machozi yaligandisha kope.

Alhamisi upepo ulivuma na ukungu ukashuka mpaka kwenye misonobari. Geza alikuwa amekatikiwa kifungo cha kiatu, nikashuka naye mjini kukitengeneza. Ulituambia mtaipitisha asubuhi kwenye kibanda cha chai chini ya mlima, watoto watakunywa kakao. Tulirudi saa tano. Nilikukuta kwenye kaunta, mbele yako glasi ya chai iliyotiwa pombe kali, na Brina pembeni hajagusa kakao yake. Nikauliza Jaka yuko wapi.

"Anakuja."

"Anakuja kutoka wapi?"

"Kutoka juu. Kwani watu huja kutoka wapi hapa?"

Nilitazama dirishani. Juu hakukuwepo. Ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote, na lifti ya viti ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya upepo, viti vinabembea vitupu. Nikauliza tangu saa ngapi. Ukaangalia saa ya ukutani kama mtu anayengoja basi, ukasema dakika hamsini, labda saa nzima. Kisha ukanishika mkono. "Tulia, Polona. Akishuka mwenyewe leo, kesho atakuwa mwanamume."

Aliyetoka mbio hakuwa mimi. Alikuwa yule mtu wa tambarare. Geza alikimbia kwa kiatu kimoja cha skii na kimoja cha mjini mpaka kwa waokoaji, nao wakapanda kwa gari la theluji. Mimi nilisimama nje saa moja na nusu. Nilipoingia kupasha vidole moto, nilikukuta unaagiza chai ya pili. Nimesahau mengi uliyonitendea, mengine kwa makusudi, lakini ile chai ya pili nitaikumbuka mpaka nizikwe.

Aliyempata ni yule mama wa makamo wa kikosi cha waokoaji. Alimkuta nje ya wavu mwekundu wa mpaka wa njia, kwenye misonobari mifupi, ameketi juu ya skii zake ili asikalie theluji. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na glavu moja imepotea. Alikuwa anajisomea jedwali la kuzidisha la saba kwa sauti asipitiwe na usingizi. Yule mama aliniambia amefanya kazi ile miaka ishirini, ameona watu wazima wakiwa na akili pungufu ya hiyo.

Walipouliza kilichotokea, wewe ndiye uliyejibu. Ulisema ulimkataza mtoto, akakaidi, akapanda lifti peke yake. Ulisema bila kupepesa. Na Jaka, amelala kwenye machela, midomo ya buluu, akaitikia kwamba ni kweli, babu alimkataza. Ukaweka kiganja chako juu ya kichwa chake. Nami niliamini, Baba. Mungu anisamehe, nilimkemea mwanangu akiwa kwenye machela.

Tukiwa njiani kwenda hospitali Brina ndiye aliyefichua, kule nyuma ya gari, kwa sauti ya mtu anayetapika kitu. Alisema mlipanda wote watatu. Kule juu Jaka akagoma, akaomba mshuke tena kwa lifti. Wewe ukamnyang'anya fimbo zake mbili za skii, ukamwambia, "Anayezitaka fimbo zake azifuate chini," ukamshika Brina mkono mkashuka. Na mlipofika ukamwambia Brina kwamba katika ukoo wetu watu hawachongei.

Nilimuuliza Jaka kitandani. Alikana mara mbili, ya tatu akalia. Alisema ulimnong'oneza kabla hawajambeba: "Mama akijua hatawaleta tena kwangu, na hapo kosa litakuwa lako." Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa, mkono umevunjika, alidanganya ili asikupoteze wewe.

Ndipo nikaja mlangoni kwako. Nilikuita majina ambayo siyarudii, kwa sababu karatasi hii itapita mikononi mwa tarishi. Ulingoja nimalize, ukasema umelea wawili kwa njia hiyo hiyo na hakuna aliyekufa. Nikasema mmoja anachechemea. Ukasema, "Matija aliogopa. Mwoga huanguka." Nilifungua kinywa nikwambie jambo, nikakifunga, nikapakia mabegi. Jambo lenyewe ni hili, na kwa kweli ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Unakumbuka mashindano ya vijana, ule Januari mimi nina miaka kumi na tatu na kaka yangu kumi na sita. Wiki tatu kabla yake Matija alikuwa akitapika kila asubuhi, nyuma ya banda ili usione. Usiku wa kuamkia mbio, wewe ukiwa umeshalala, alinishusha kwenye chumba cha chini ulikokuwa umezibana skii zake. Alisema mikono yangu ni midogo na hakuna atakayenishuku. Aliniomba nilegeze vifungio vinavyoshika viatu kwenye skii, ili skii zimtoke kwenye kona ya kwanza, atolewe mbioni bila aibu, nawe usiwe na la kusema. Nilichukua bisibisi yako nikazungusha skrubu. Sikujua nizungushe kiasi gani. Skii moja ilimtoka, nyingine ikang'ang'ania, na goti likazunguka upande usio wake. Nilisikia mlio wake nikiwa chini kwenye mstari wa mwisho. Alidhani ataanguka kama anayeanguka kwenye nyasi.

Yeye hakunitaja. Mimi sikujitaja. Wewe ukawaambia watu wote, kijijini na kwenye chama cha skii, kwamba mwanao aliogopa kona.

Sasa sikiliza. Miaka tisa iliyopita, vuli ile ya mwisho ya Mama, aliniambia kitu alichokuwa amekuapia hatakisema. Aliniambia kwamba jioni ya ile ajali ulishuka chumba cha chini ukakuta kifungio kimelegea. Ukadhani umekikosea wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ulipokirekebisha usiku wa kuamkia mbio. Ukakikaza kabla watu wa chama hawajaja kukagua, hukumwambia mtu ila yeye. Akasema ndiyo maana unamwita Matija mwoga, ili pasiwe na mtu wa kuuliza habari ya skii. Akasema kuna usiku ulilia hata akaogopa.

Kwa hiyo nimejua miaka tisa kwamba unabeba dhambi isiyo yako. Neno moja kutoka kwangu lingekutua. Sikulisema. Mwanzoni ilikuwa hofu, na ningependa iwe ilibaki hofu. Lakini kila ulipolitamka lile neno "mwoga" mezani kisha ukaweka kijiko chini, nilikutazama, na moyoni nikasema: beba. Nilifurahi, Baba. Krismasi tisa nilikula keki yako ya kokwa za jozi nikafurahi.

Vifungio ulivifunga sawasawa. Nilivilegeza mimi.

Matija amesoma barua hii kabla sijaifunga, na ameniruhusu. Alicheka kwa muda mrefu kwa namna ambayo sikuipenda, kisha akaomba kalamu aongeze neno lake. Aliishika kitambo, akanirudishia, hakuandika kitu.

Wala usifikiri nimekutua mzigo kwa upendo. Skrubu ni yangu. Lakini mtoto wa miaka kumi na sita anayeona heri kuanguka kuliko kumwambia babake anaogopa, huyo umemtengeneza wewe. Na yule aliyedanganya kwenye machela umemtengeneza kwa wiki moja tu. Umezidi kuwa fundi. Langu ni kwamba nilijua nyumba yetu inafundisha nini, na bado nikawafungia watoto mabegi nikawaleta.

Nimewapa waokoaji maelezo mapya, kwa maandishi, na jina lako limo. Watoto hawatakuja Pasaka. Hawatakuja msimu ujao wa theluji. Ukitaka kuwaona tena, usiniandikie mimi. Mwandikie Jaka, kwa herufi za kuchapa maana mwandiko wako wa kuunga bado haumudu. Mwambie ni wewe uliyempandisha, ni wewe uliyechukua fimbo, ni wewe uliyedanganya. Nitaisoma kwanza. Nikikuta "lakini" hata moja ndani yake, nitairudisha kwa posta ile ile.

Geza anakusalimu, nilimkataza, akasisitiza. Brina amekuchorea picha, nimeitia humu kwa sababu ni mali yake. Msalimie shangazi Ivanka, na umwambie barua hii akitaka anaweza kuisoma nje ya kanisa.

Jana asubuhi Jaka alikuwa anarudi shule kwa mara ya kwanza. Akiwa anavaa koti juu ya plasta aliniuliza aseme nini darasani wakimuuliza mkono umevunjikaje. Nikamwambia aseme ukweli. Alisimama mlangoni, mfuko begani, akafikiri kama anavyofikiri yeye, halafu akaniuliza, "Babu ameruhusu?"

Nimemwambia nitakuuliza.

Ni mimi mwanao,
Polona