Kiti cha Kulia

Shinyanga, Jumanne, Oktoba 1974. Joto, na upepo umelala.

Nimempoteza Kulwa juzi Jumapili, mchana, ndani ya beseni la maji. Mara ya kwanza alipotelea Geita, shimoni, na huko mimi sikuwapo. Safari hii nilikuwapo. Mikono yangu ilikuwa majini.

Naandika ili nisiendelee kulitazama lile koti.

Mama Kulwa anauza dagaa na samaki wakavu pale sokoni. Tunajuana tangu enzi nilipokuwa nafagia studio ya Mzee Hasham. Wenzangu walisomea picha darasani, mimi nilisomea kwenye ufagio. Mzee alipofunga duka na kuhama, kamera yake ya miguu mitatu ilibaki kwangu, na mteja wangu wa kwanza akawa Mama Kulwa, na kapu la samaki kichwani. Alisimama mbele ya pazia akasema, "Nipige na kapu langu, mayu, mama yangu. Nikifa waseme huyu alifanya kazi."

Wanawe pacha, Kulwa na Doto, hawakuwahi kupigwa picha wakiwa wawili. Kila mwaka alikuwa akisema mwaka huu, na kila mwaka mmoja alikuwa na mifugo ya mjomba, mwingine na pamba. Kisha Kulwa akaenda Geita kuchimba kwenye mashimo ya zamani. Masika yalipokolea, shimo likaporomoka. Wachimbaji wenzake waliacha kuchimbua baada ya siku chache kwa sababu udongo ulizidi kushuka. Walileta koti lake tu. Alikuwa amelivua juu kabla ya kuteremka.

Mama Kulwa hakulia. Alisema hakuna mwili, hakuna msiba. Miezi ikapita, akauza samaki, akarudisha watu chenji na salamu. Wazee wa ukoo mwishowe wakapanga siku, Alhamisi hii, watu wakae walie wamalize. Naye akakubali kwa sharti moja: awepo Kulwa mwenyewe, hata kama ni kwenye karatasi, amekaa na mwenzake.

Kwa hiyo akaniletea Doto. Na koti.

Kazi yenyewe ni ya siku nyingi, Mzee Hasham aliwafanyia watu kwa mzaha. Unaweka viti viwili. Unaziba nusu ya lenzi kwa karatasi nyeusi, mtu anakaa kushoto, unapiga. Kamera isitikisike. Unaziba nusu nyingine, mtu yule yule anahamia kulia, unapiga tena juu ya filamu ile ile. Ukisafisha, mtu mmoja amekaa na nafsi yake.

Doto alikaa kushoto kama Doto, miguu imenyooka, uso wa mtu aliyeitwa ofisini. Akahamia kulia, akavaa koti. Nikamwambia tu, "Kaa kama Kulwa." Nilisema kama ninavyowaambia maharusi wainue kidevu.

Alikaa. Akaegemea kidogo, na mkono wa kushoto ukajikunja juu ya goti, kidole gumba kikaingia ndani ya ngumi.

Kulwa alikatwa kile kidole na shoka angali mtoto. Alikificha maisha yake yote. Doto ana vidole vyote kumi na hajawahi kuficha hata kimoja.

Nyuma yangu nikamsikia mama yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Kulwa, baba, umekuja," kama anayempokea mtu aliyechelewa chakula. Halafu akalia. Tangu masika, ndiyo mara ya kwanza. Nilibonyeza kwa sababu mkono wangu unajua kazi yake. Mimi mwenyewe sikuwa naona vizuri.

Nikatoa nakala moja ndogo ya majaribio, kwa kuwa karatasi za picha sasa hivi zinapatikana kwa kudra. Katikati, pale nusu mbili zilipopandana, pametokea mstari mweupe kutoka juu hadi chini. Nikamwomba radhi. Mama Kulwa akaupitisha ukucha taratibu.

"Acha. Huu ndio mlango wake. Usingekuwapo, angepita wapi?"

Nikamwahidi nakala kubwa, yenye fremu, kabla ya Alhamisi.

Pale ningekoma. Mteja ameridhika, mteja amelia, kazi imekwisha. Lakini wapiga picha wa mji huu tuna desturi yetu ya Jumamosi, pale kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni. Kila mmoja anakuja na picha moja ya wiki, anailaza kifudifudi mezani. Zinageuzwa moja moja na kuchambuliwa bila huruma. Aliyeaibika zaidi ananunua chai ya wote. Mwanamke ni mimi peke yangu, na chai nimeinunua mara nyingi kuliko haki. Nilitaka safari hii ninyweshwe.

Sitajidanganya hapa. Nilipeleka Kulwa mezani ili nisifiwe.

Gervas ndiye aliyeigeuza. Gervas alisoma kozi ya picha Dar es Salaam, anapiga picha za ofisi za serikali, anazunguka Geita na Chato na kamera ya shingoni, na ndiye hakimu wetu ingawa hakuna aliyemchagua. Akaishika. Kikombe chake kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikasimama hapo.

Akauliza, "Huyu wa kulia, mbona kaficha kidole?"

Nikasema ndivyo alivyokaa. Nikaeleza kazi ilivyofanyika. Hapo ndipo ulimi ukamfunguka.

"Mama Limi, mstari huu ni wa nini? Reli? Kivuli cha kiti kimekatika katikati. Huyu kaangaza, huyu kafifia. Na juu ya yote ni uongo. Mtu mmoja umemuuza mara mbili."

Idi, ambaye hupiga harusi na hawezi kukaa bila mzaha, akadakia, "Muacheni, hao pacha wamegombana. Mmoja kashahamia Tabora, huo ndio mpaka."

Wakacheka wote. Nikanunua chai.

Gervas alipoondoka kuwahi basi la Geita, aliitia ile nakala kwenye mkoba wake. "Naazima, Mama Limi. Nitafundishia vijana makosa." Sikumzuia. Nilikuwa nahesabu vikombe.

Nimelifikiria hili mpaka kichwa kimeuma: kwa nini neno la mtu asiyeninunulia hata picha ya pasipoti lina uzito kuliko la mwanamke aliyelia mbele yangu? Wateja wananilisha. Wenzangu wananinyima usingizi. Mama Kulwa ameniambia acha, Gervas ameniambia reli, na nimeamka Jumapili nikimsikia Gervas.

Nikasema nitaufuta mstari. Kwenye negativu, mstari ule ni mweusi. Kuna dawa ya kuupunguza, unaipaka kwa brashi nyembamba, lakini kwanza negativu ilowe majini ilainike. Maji ya tangi yalikuwa yamechemka na jua. Kipimajoto kilisoma ishirini na tisa. Dawa inataka ishirini, na zaidi ya ishirini na nne ni kujitakia. Barafu mjini hakuna. Mtu mwenye akili angesubiri alfajiri, maji yakiwa baridi. Hesabu hiyo naijua kuliko jina langu.

Sikusubiri. Gervas alikuwa bado anaongea kichwani.

Niliona utando wa picha unakunjamana pembeni, kama ngozi juu ya maziwa. Nikavuta mkono. Upande wa kulia ukaachana na filamu mzima mzima, ukaelea. Kwa muda mfupi alikuwa ndani ya beseni langu, koti, goti na ngumi, akipumua kwa mawimbi ya mikono yangu. Kisha akajikunja akawa uzi.

Upande wa Doto ulibaki palepale. Nilikuwa nimeshika filamu upande wa Doto, vidole vikaubana. Ndiyo sababu. Najiambia ndiyo sababu.

Jana nilimtuma mtu amwite Doto. Akaja, akanipa shikamoo, akabaki mlangoni.

"Doto mwanangu, nataka ukae tena. Ile imeharibika."

"Cha kushoto nakaa hata sasa hivi, mama."

"Na cha kulia?"

"Hapana."

"Ni kitambo kidogo tu. Mama yako anasubiri."

Akatazama chini. "Siku ile mkono ulipanda wenyewe. Nilikuwa nauona kama wa mtu mwingine. Nikikaa tena nisipomkuta, je? Na nikimkuta, je?"

Nikamwambia basi achukue koti. Hilo nalo akakataa. Limebaki kwenye msumari wa studio, mabega yamejaa, linanuka udongo wa mvua wakati mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano. Leo asubuhi alikuja karani mmoja na mkewe kupigwa picha. Viti viko viwili, vimefanana, vimetoka kwa fundi mmoja. Mke akakaa kushoto. Mume akakishika kiti cha kulia, akakiacha. "Nitasimama," akasema. Sikumuuliza.

Mama Kulwa amepita jioni hii na kapu tupu. Salamu yake ya asubuhi, mwangaluka, ameniletea saa hizi kwa mzaha, maana hatujaonana siku mbili. Anacheka tena, huyu mama. Ameuliza kama fremu ni ya mbao. Nimesema ndiyo. Ameuliza kama mlango wa Kulwa bado upo. Nimesema upo.

Sijamwambia. Ikibidi nitamwambia, lakini kwanza niikose ile nakala.

Kwa maana iko moja duniani, na iko kwenye mkoba wa Gervas. Nikiipata, naibandika ukutani, naipiga picha, napata negativu mpya, nakuza, naweka fremu, Alhamisi watu wanakaa. Mstari nitauacha ulivyo. Uwe reli, uwe mpaka wa Tabora, uwe chochote watakachoita mezani. Jumamosi nitanunua chai tena na nitainywa moto.

Ila kuna jambo halitoki kichwani. Gervas ni mtu wa kasoro. Huona mstari kabla ya kuona sura, huona kivuli kabla ya mtu. Siku ile aliona kidole kwanza, kabla hajajua picha ni ya nani. Na ni miaka anapiga picha wachimbaji wa Geita, kwenye midomo ya mashimo yale yale; huenda Kulwa alishapita mbele ya kamera yake, ngumi imefungwa. Kama ni ya kufundishia makosa, za kwangu mbaya zaidi ziko tele, hajawahi kuazima hata moja.

Basi la Geita linalomrudisha Gervas linafika kesho. Nitakuwa stendi, na koti nitakuwa nalo mkononi. Sitaki salamu ndefu, sitaki somo la vivuli.

Gervas, ulipoigeuza ile picha, kwenye kiti cha kulia ulimwona nani? Kama ni Doto, hiyo ni karatasi mbovu tu, nirudishie. Kama ni Kulwa, si wako wala si wangu, ni wa mama yake. Jina moja, na picha mkononi mwangu. Kesho, kabla ya saa sita mchana.