Haragwe Nyuma ya Kitenge

Hewa Bora, Lubumbashi

Yaya wangu Feliste, dada yangu mkubwa,

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu Mama Nicole na bata wake jike, ninatangaza kwa ukoo mzima wa marehemu Baba, fundi wa reli, popote ulipotawanyika: tangu mwezi uliopita mdogo wako Gustave anavaa miwani. Bata alinitazama akakimbia. Mama Nicole alinitazama akasema, "Sasa unafanana na muntu mwenye alisoma." Miaka yote niliyofundisha shule hakuliona hilo, limeonekana kwa vioo viwili vya sokoni.

Nawe, goti linaendeleaje? Mvua zimefika huko Kongolo, au bado mnaangalia juu? Na yule mbuzi aliyekula nguo yako ya Pasaka, bado mnamlea au amekwisha kuwa mchuzi? Sisi hapa tunaamka, tunashukuru.

Sasa Yaya, kaa chini. Mwanao Trésor yuko hapa kwangu. Ni mzima, asubuhi amekula, na wakati ninaandika yuko nje anapiga misumari kwenye mlango wa banda la kuku. Naanza na hilo ili mengine usiyasome umesimama. Uliponiuliza habari zake nilikuambia ana malaria. Ulipouliza tena nikakuambia yuko Kambove kikazi na mtandao haupatikani. Nilikudanganya. Alikuwa chumbani kwangu, anatazama ukuta. Sikuweza kusema kwenye simu yako, ambayo unaiweka sauti ya juu na mtaa wote unajibu pamoja nawe. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Nitaiweka mkononi mwa mtu anayepanda treni, kama treni yenyewe itaamua kuondoka. Trésor ameniruhusu mimi mjomba wake. Alisema, "Muyomba, andika yote. Ila usinifanye mutakatifu."

Unakumbuka nilikuambia nimepata kibarua kwa watu wa chuo kikuu. Wanatafiti watu walioshikwa na michezo: kamari ya mpira, michezo ya simu, na ile ya kwenye televisheni ambayo vijana huikalia mpaka ugali unapoa. Hawataki kumfunga mtu wala kumhubiria. Wanataka kujua nani anacheza kisha anainuka na kwenda nyumbani, nani hawezi tena kuinuka, na ni nini kinaweza kumsaidia. Mimi walinichukua kwa ajili ya sauti. Unaijua sauti yangu ya kusoma somo la kwanza kanisani, ambayo wewe ulisema inawalaza watoto.

Kazi inafanyika hivi. Tumekodi chumba karibu na nyumba moja ya kamari. Katikati tumetundika kitenge. Mimi nakaa upande huu na karatasi ya maswali. Anayejibu anakaa upande ule, na hasemi neno. Amepewa bakuli la maharagwe. Nikisoma swali, kama jibu ni ndiyo anatupa haragwe kwenye kopo la maziwa, linalia. Kama ni hapana analiweka kwenye kikapu, kimya. Simwoni, simjui, natia alama tu. Mtu anaweza kuliambia kopo jambo ambalo hawezi kumwambia padri.

Siku ya kwanza mama mmoja mnene, muuza samaki, aliingia na kujaza kopo mpaka juu kabla sijafungua kinywa.

"Mama, ngoja kwanza nisome."

"Soma tu, papa. Minaangusha mingi ili nigagne. Zawadi iko nini?"

"Hapa hatucheze, Mama."

"Hamucheze? Sasa maharagi ni ya nini? Mwenye kuipika ni nani?"

Tulianza upya. Mwisho aliomba maharagwe yake, na Daktari Annie, mkubwa wetu, akampa.

Sasa Trésor. Unajua alikuwa anafanya kazi Kipushi, kwenye karakana ya mashine. Jioni yeye na wenzake walikuwa wanacheza mpira wa televisheni kwenye kibanda, wanacheka, wanarudi kulala. Hapo hapakuwa na ubaya, yeye mwenyewe anasema hivyo. Kisha mmoja akamwonyesha kwenye simu mchezo wa ndeke. Ni kandege kadogo, Yaya, kanapanda, na pesa uliyoweka inapanda nako. Unatakiwa ubonyeze kabla hakajatoweka, la sivyo pesa imekwenda. Na kanatoweka kanapotaka. Nilimuuliza ni nini kilichomvuta. Akasema, "Wakati iko inapanda, Muyomba, hakuna kitu ingine kwa kichwa. Hata mimi siko."

Mshahara uliruka na kale kandege. Lakini hilo silo lililomwangusha. Siku moja kazini alikuwa anatazama simu badala ya kutazama mashine, na mwenzake nusura apoteze mkono. Walimfukuza. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi aliendelea kuvaa nguo zake za kazi, anafunga mlango wa chumba chake cha kupanga na kuwaaga majirani. Halafu anapanda gari la kuja Lubumbashi kutembea tu mpaka jioni, akipita mbali na lupango la nyumba yangu. Ulipokuwa unamsifu kanisani kwa mama wengine, Yaya, alikuwa amekaa kwenye ukuta wa soko na nguo safi za kazi.

Alasiri moja akaingia kwenye chumba chetu, akakaa nyuma ya kitenge. Kwenye karatasi yangu kuna swali ambalo nitakuandikia mara moja tu, nawe ulisome mara moja tu: Je, umewahi kuona afadhali usiwepo tena duniani? Haragwe lililia kwenye kopo.

Vuta pumzi. Yuko nje, nasikia nyundo.

Kwa swali hilo tuna amri: haragwe likilia, kusoma kunakoma, na Daktari Annie, anayekaa chumba cha pili, anaitwa papo hapo. Alikaa naye peke yao muda mrefu. Mimi nilibaki nje nikifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Alipotoka aliniambia, "Papa Gustave, leo asibaki peke yake. Na usimuhubirie."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kaa naye tu."

Nilitembea naye mpaka nyumbani. Mwalimu kunyamaza njia nzima, Yaya, ni ugonjwa mwingine kabisa. Midomo ilikuwa inanichezacheza.

Nyumbani Mama Nicole alikuwa ameweka ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo. Unajua desturi yetu: mpwa ndiye anayemwagia mjomba maji ya kunawa, na mpwa aliyekosa hasogei mezani kabla hajasemwa. Trésor alisimama mlangoni, anangoja kusemwa. Nilichukua birika na beseni, nikamwendea.

Mama Nicole akashtuka. "Weye njo unamumwangia mutoto maji? Dunia imegeuka?"

"Leo imegeuka," nikasema. "Trésor, leta mikono."

Hakuileta. Nikaendelea kusimama na birika, na unajua mgongo wangu. Alipoinyoosha alikuwa anatazama pembeni, maji yakamwagika zaidi kwenye viatu vyangu kuliko kwenye beseni. Tukala sahani moja. Alikula tonge chache tu. Hakuna aliyemsema.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Simu yake alimpa Mama Nicole kwa mkono wake mwenyewe, akachukua ile yangu ya zamani isiyojua chochote ila kuita. Anakwenda kumwona Daktari, ananisindikiza hadi kazini. Lakini kuna siku anakaa vidole vikibonyeza paja, pap, pap, na sisi tunajifanya hatuoni. Jana alisema, "Muyomba, naenda kuleta mukate." Akakawia. Nilitoka nikasimama kwenye lango la lupango. Nikarudi ndani, nikatoka tena. Mama Nicole aliacha kupepeta mchele, naye akawa ananitazama mimi. Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya kutokea alipojitokeza kwenye kona.

"Muyomba, uko unafanya nini hapa?"

"Niko napima miwani kama inaona mbali."

"Na inaona?"

"Imeona mukate."

Akacheka kidogo. Alijua. Mkate ulikuwa bado moto. Watu walikuwa wengi kwa mwokaji, basi.

Ninakuomba jambo moja. Usitafute aliyemroga, na usimlaumu yule jirani wa shamba unayemshuku kila mara. Hana kosa zaidi ya kelele za kuku wake. Usimpeleke kwa watu wa kumwombea kwa kumpigia makelele. Ukimpigia simu usimuulize kazi. Muulize habari za mlango wa banda la kuku. Mwambie mbuzi amekula nini tena. Acha asikie kwamba nyumbani bado kuna nafasi ya mtu kukaa.

Nisalimie shemeji yangu, fundi wa baiskeli, na umwambie miwani si uzee. Msalimie katekista wetu aliyenifundisha kusoma kwa sauti, mjane wa mpiga kengele, na yule shangazi anayesema kila mwaka kwamba mwaka huu anakufa. Mwambie angoje, tunakuja Pasaka na Trésor.

Kabla sijatia sahihi, kuna jambo. Habari za hapa zitakufikia, Mama Nicole amekwisha kuwasimulia mama wote wa parokia: kwamba Gustave alimtambua mpwa wake nyuma ya kitenge kwa pumzi tu, akaruka kama simba. Mimi niliwaacha wasimulie. Ilikuwa tamu kusikia. Lakini wewe ndiwe mama yake.

Sikumtambua. Nilikuwa nasoma vizuri siku ile, Yaya, kwa sauti ile ya kanisani. Miwani ilikuwa mipya, herufi zote zilikuwa zimesimama wima, nami nilikuwa najisikiliza. Nilisoma swali lile. Haragwe likalia. Nikatia alama ya ndiyo mahali pake, safi kabisa, na nikaanza kusoma swali linalofuata.

Yeye alikuwa anajua tangu mwanzo ni mimi. Aliona chini ya kitenge viatu vyangu vya kahawia, vile ulivyonitumia wewe. Alikaa akajibu maswali yote yale akingoja lile moja lifike. Na nilipolipita, nikasikia kutoka upande ule, polepole, sauti ambayo haikuruhusiwa kusema kitu:

"Muyomba, soma tena ile."

Nikasoma tena. Sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha, Yaya, nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Haragwe likalia mara ya pili. Ndipo nikainua kitenge.

Mdogo wako,
Gustave